Kaseti ya Wapiganaji Tisa

Mwaka 1998, nikiwa na miaka 11, nilimwita kijana mmoja mwizi mbele ya mama yangu na mbele ya watu wote waliokuwa wakipita Mtaa wa Msimbazi mchana ule. Hakuwa mwizi. Nilikuja kulijua hilo nikiwa tayari na mvi mbili tatu, na kilichonijulisha ni ugonjwa nilioupata ukubwani, wa kukusanya kaseti za gemu.

Tulikuwa tunakaa Magomeni, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bomba moja uani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na kibanda cha gemu. Nasema kibanda, lakini kilikuwa chumba cha mbele cha mama mmoja: pazia mlangoni, benchi la mbao, televisheni ya inchi 14 na mashine moja ya gemu ya Sega iliyokuwa haipumziki mpaka mwenye nyumba atake kuangalia taarifa ya habari. Shilingi 50 mchezo mmoja, ukifungwa unapisha. Kaseti zilikuwepo tatu au nne, ila iliyokuwa inashinda ndani ni Street Fighter II, gemu ya kupigana.

Pedi za pale zilikuwa zile za vitufe vitatu. Gemu yenyewe inataka sita, ngumi tatu na mateke matatu, kwa hiyo ilibidi ubonyeze Start ili vitufe vihame kutoka ngumi kwenda mateke, kisha ubonyeze tena virudi. Kila aliyefungwa alisingizia Start. Toleo lile la Sega, la mwaka 1993, lilikuwa na wapiganaji 12 na wote unawachagua, na kila mtoto wa mtaa alikuwa na wake kama mtu anavyokuwa na timu. Guile tulimwita Mjeshi. Blanka alikuwa Zimwi. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu na kilo nyingi, alikuwa na E. Honda, yule bonge wa sumo, na hakuwahi kushika mwingine. Mimi nilikuwa na Dhalsim. Nilikuwa mdogo, mwembamba, nilipenda mtu anayeweza kukufikia akiwa amesimama mbali.

Halafu mjomba wetu baharia akarudi na Game Boy, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi. Ya kijivu, ilishatumika, ndani ina kaseti ya Tetris. Ilikula betri nne ndogo na haikuwa na taa yoyote kwenye kioo, kwa hiyo umeme ukikatika tulikaa vichwa vimegusana chini ya chemli, mmoja anacheza, mwingine anashika chombo kisigeuke upande wa giza. Mama alisema tutapofuka. Tetris tuliicheza mpaka ule wimbo wake ukawa unatutoka puani.

Idi ile tulichanga. Hela za sikukuu, hela za kutumwa, na nyingine ambazo kaka anajua mwenyewe alizipata wapi. Shilingi 6,000. Tukapanda daladala mpaka Kariakoo, na pale Msimbazi kwenye meza ya kijana mmoja wa kofia nyekundu, katikati ya rimoti na kanda za video, tukaiona: Street Fighter II, ya Game Boy. Sidhani kama tulijadili bei. Kaka alitoa hela zote alizokuwa amezikunja kwenye soksi, tukarudi Magomeni kwa miguu kwa sababu nauli nayo ilikuwa mle mle kwenye soksi.

Nyumbani tukawasha. Jina la Nintendo likashuka taratibu, ting, kisha wapiganaji wakatokea. Kaka akapeleka mshale upande mmoja, akaurudisha. Akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya kioo.

"Tisa," akasema.

Honda hayupo. Dhalsim hayupo. Na yule Vega wa kucha hayupo. Akazima, akawasha tena, tisa. Akapuliza kaseti, tisa. Tukakaa kimya kidogo, kisha kaka akaleta kisu cha jikoni. Alikuwa na nadharia kwamba wengine wamezuiwa ndani, pengine kuna kipande kimelegea. Kaseti za Game Boy zimefungwa kwa skrubu moja yenye kichwa cha ajabu ambacho bisibisi ya kawaida haikiwezi, basi akajaribu kuipasua kwa ubavu. Haikufunguka. Ilibaki na kovu, mkwaruzo mrefu pembeni ambapo plastiki ilikuwa imegeuka nyeupe. Hapo ndipo tulipotoa hukumu: kaseti ni feki, tumeibiwa, na lazima mama ajue.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuibiwa akanyamaza. Kesho yake tulikuwa Msimbazi. Aliiweka kaseti mezani kwa yule kijana kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mwanangu, watoto wangu umewauzia kitu nusu."

Kijana akaichukua. "Mama, hii orijino. Hao wengine hawamo tu."

"Hawamo wameenda wapi?"

Watu wakacheka. Kijana akatabasamu kidogo, akaigeuza kaseti, na kidole gumba chake kikapita juu ya lile kovu. Akalitazama. Kisha akamtazama kaka yangu, halafu mimi. Hakusema kitu. Akahesabu 5,000, akampa mama.

"Elfu moja?" mama akauliza.

"Hiyo ya usumbufu, Mama. Nisamehe."

Ni hapo, kwa ushujaa wa mtu aliyesimama nyuma ya gauni la mama yake, nilipopiga kelele: "Mwizi!"

Miaka ikapita. Kibanda kikahamia kwenye PlayStation na Tekken 3, Game Boy ikaibiwa kweli safari hii, sisi tukakua. Sina la kueleza hapo.

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya kazi mjini na kukaa Kimara, maana yake maisha yangu yalikuwa ndani ya mwendokasi, nimesimama, mkono juu. Mfanyakazi mwenzangu aliniuzia Game Boy Advance SP aliyoletewa mdogo wake zamani, ile inayojikunja kama simu za enzi zile, ya mwaka 2003. Ina taa yake na betri ya kuchaji, na inakubali kaseti za zamani zote za Game Boy. Nikawa nacheza nikipata kiti, yaani mara mbili kwa wiki. Siku moja nikawa napekua kwenye simu nijue Street Fighter zipi zilitoka kwa ajili ya mashine ndogo za mkononi. Nikasoma kwamba ile ya Game Boy ilitoka mwaka 1995 na ilikuwa na wapiganaji tisa. Honda, Dhalsim na Vega waliachwa.

Nilipitiliza kituo changu.

Sababu ukishaijua ni ya kawaida kabisa. Kaseti ni chipu, na chipu ina ujazo. Ile ya Sega waliyokuwa nayo pale Magomeni ilijulikana kwa ukubwa wake, megabiti 24, na kila mpiganaji anakula nafasi: kila teke ni picha kadhaa, kila kuanguka ni picha nyingine. Game Boy ilikuwa na kioo cha nukta 160 kwa 144, rangi nne za kijivukijani, vitufe viwili vya kupigia, na chipu ndogo. Lazima mtu abaki nje. Wala si Street Fighter peke yake. Mortal Kombat, gemu nyingine ya kupigana, ilipotoka kwa mashine za nyumbani na za mkononi mwaka 1993, ya Game Boy haikuwa na Johnny Cage, na ile ya Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, ilimwacha Kano. Huko Marekani kulikuwa na watoto waliokuwa wakihesabu kwa kidole kama sisi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na boksi na kitabu cha maelezo. Sisi tulikuwa na meza ya Msimbazi na neno la kijana wa kofia nyekundu, neno ambalo lilikuwa la kweli.

Basi nikaanza kuitafuta. Sikutaka nyingine. Nilijua kuna Super Street Fighter II Turbo Revival ya Game Boy Advance, ya mwaka 2001, yenye Honda na Dhalsim na wengine wote, na kuna Street Fighter Alpha 3 ya mwaka uliofuata ambayo mpaka leo watu wanashangaa kampuni ndogo ya Uingereza iliwezaje kuibana kwenye kaseti ndogo vile. Hizo ni gemu bora kuliko ile ya 1995, hakuna ubishi. Mimi nilitaka ile mbovu.

Kaseti ya kwanza niliinunua kwa muuzaji mmoja wa kwenye simu. Aliposti picha safi na maelezo: Street Fighter II, Game Boy, orijino kabisa, wapiganaji wote 12. Ukitaka kujua tamaa inavyofanya kazi, soma tena maneno hayo matatu ya mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kusoma kwamba ya kweli ina tisa. Nilijua. Lakini moyo ukasema labda kuna toleo jingine, labda la Japani, labda walikuja kuongeza. Nikatuma 25,000. Bodaboda akaniletea ofisini, nikaingia nayo chooni kama mlevi na chupa. Nikawasha. Ilikuwa gemu nyingine kabisa ya kupigana, jina tofauti, watu nisiowajua, na mmoja wao alikuwa na uso wa Ryu kwenye mwili wa mtu mwingine. Muuzaji alishanifungia.

Ndipo nikaanza kujifunza kuangalia kabla ya kulipa, jambo ambalo mtu mwenye akili huanza nalo. Kaseti ya kweli ya Game Boy ina maneno Nintendo GAME BOY yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe kwa juu, herufi zimenyooka, si za kubandika. Skrubu ya nyuma si ya nyota. Kichwa chake ni kama nati ndogo ya duara yenye meno pembeni. Lebo ikiinamishwa kwenye mwanga, mara nyingi utaona namba imegongwa bila wino, kama muhuri mkavu. Ukifungua, bodi ina jina la Nintendo na chipu zilizoandikwa vizuri. Kwenye za kufoji mara nyingi utakutana na tone jeusi la gundi lililomwagwa juu ya kila kitu. Na bei ina la kusema pia, ila bei Dar inasema uongo pande zote mbili. Nimeona feki ya 40,000 na halisi ya 3,000 kwenye sinia moja.

Jingine, nisije nikasahau: ukikuta ya Kijapani usidhani imekosewa majina. Kule yule bondia wa ngumi anaitwa M. Bison, na walipoipeleka nje wakabadilishana majina ya mabosi watatu kwa sababu bondia yule alifanana mno na Mike Tyson. Game Boy haichagui nchi, kaseti ya Japani inacheza popote.

Kaseti ya pili ndiyo inayoniuma. Ilikuwa ile Turbo Revival, halisi, niliipata kwa jirani aliyekuwa anahama. Sikuwa naitafuta, lakini nani angeacha? Tatizo lake lilikuwa dogo: mara inawaka, mara jina la Nintendo linatoka limeharibika na mashine inaganda hapo hapo. Leo najua maana yake. Mashine inasoma ile alama ya jina kutoka kwenye kaseti yenyewe na kuilinganisha na yake. Meno ya kaseti yakiwa machafu inasoma vitu vingine, na ikiona havilingani haiendelei. Kwenye Game Boy ya zamani kinashuka kipande cheusi. Utotoni tulikuwa tunapuliza, ikaonekana imepona, kumbe kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha tu. Pumzi ina unyevu, na unyevu ni adui.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu. Mtu mzuri, mkono mwepesi, simu yangu ameifufua mara tatu. Akaitazama akasema, "Kutu hii, bosi," akavuta kipande cha msasa, na kabla sijamaliza kusema ngoja akawa ameshapitisha mara nne. Meno yakang'aa kama mpya. Nikampa 5,000 na asante. Ikacheza vizuri wiki tatu, kisha ikafa, na nilipoitazama meno yalikuwa na madoa ya kijani. Ile rangi ya dhahabu iliyopo juu ya meno si pambo. Ni dhahabu kweli, tabaka jembamba sana la kuzuia kutu, na msasa ulikuwa umeiondoa yote. Kilichobaki ni shaba uchi katika mji ambao hata komeo la dirisha linaliwa na upepo wa bahari. Ninayo bado. Haiwaki.

Siku hizi natumia spiriti ya duka la dawa na pamba ya masikio, taratibu, naacha ikauke yenyewe. Doa likigoma, raba ya penseli, kwa huruma. Na kaseti zote zinakaa kwenye kopo la plastiki la kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mke wangu anaitwa na majirani "mama wa vipakiti" kwa sababu nimemtuma avikusanye nyumba hadi nyumba.

Mwaka 2021 nilikuwa nimeshakuwa mteja wa kijana mmoja pale Karume, Mchikichini, aliyekuwa anauza midoli ya mtumba. Balo likifunguliwa alinitengea chochote chenye vitufe. Nilikuwa napitia Jumamosi, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, napekua. Nyingi zilikuwa takataka: vikokotoo vya watoto, simu za kuchezea, kaseti za gemu 64 kwa moja ambazo ukizihesabu ni gemu sita zimerudiwa. Lakini alijifunza haraka. Nilimfundisha skrubu ya nati na maneno ya kuchongwa, na kabla ya Krismasi akawa anaweza kunipigia simu na kusema, "Bosi, hii ina meno ya dhahabu na namba ya muhuri," kama daktari anayesoma vipimo.

Alinipigia mwanzoni mwa Januari 2022. Amepata kaseti ya kijivu, ina picha ya watu wanapigana, maandishi yamechunika lakini anaona S na F. Nikamwambia ahifadhi, nitapita mshahara ukitoka. Katikati ya mwezi huo soko la Karume likaungua.

Nilikwenda siku ya tatu. Mabati yaliyojikunja, harufu ya nguo zilizoungua, watu wamesimama mahali palipokuwa na meza zao kana kwamba bado wanauza. Nilimkuta akifukua majivu kwa kijiti. Balo mbili, alisema, alizokuwa hajazimaliza kulipa. Sikuiuliza ile kaseti. Najua kwamba kwa sekunde moja, au pungufu, macho yangu yalitazama kile kijiti kinachofukua na nikafikiria plastiki ya kijivu. Yeye ndiye aliyeisema mwenyewe: "Na ile yako, bosi, ilikuwa kwenye kopo pale." Akaonyesha pa kuonyesha. Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni. Alirudi kwenye biashara baadaye, ila si ya midoli. Siku hizi anauza mapazia na tukionana tunaongelea mpira.

Niliacha kutafuta kwa zaidi ya mwaka.

Nilipoipata sikuwa nimeitafuta. Nilifuata friji. Kuna maduka Sinza yanayouza vitu vilivyotumika kutoka Ulaya, sofa, majiko, mashine za kufulia, na mlangoni mwa moja wapo palikuwa na boksi la rimoti zisizo na televisheni zake. Nilipoingiza mkono, mkono ulijua kabla yangu. Game Boy ya kijivu iliyogeuka manjano, nzito, mlango wa betri haupo. Nyuma yake, ndani ya tundu, kaseti.

Nikaichomoa. Maneno yamechongwa. Skrubu ya nati. Lebo iko nzima isipokuwa kona moja. Nikaigeuza ubavu haraka, na nikiri kwamba nilichokuwa nakitafuta ni kovu la kisu. Halikuwepo. Ubavu ulikuwa laini. Sijui nilitegemea nini. Kaseti zilitengenezwa maelfu kwa maelfu.

Muuzaji akaona uso wangu, na hilo ndilo kosa langu la mwisho katika somo la kununua. "Hiyo antiki," akasema. "Elfu 60."

"Haina hata mlango wa betri."

"Ndiyo maana antiki."

Tulifika 35,000 baada ya mimi kutoka nje mara mbili na kurudi mara mbili. Friji sikununua, na hilo lilihitaji maelezo nyumbani.

Betri zilikuwa zimevujia ndani, ukoko mweupe na wa kijani kwenye vyuma. Siki ya jikoni inaumaliza, kidogo kwenye pamba, kisha spiriti kuondoa siki. Kioo kilikuwa na mistari mitupu ya wima, karibu robo ya picha haionekani. Safari hii nilimpelekea fundi mwingine, mzee wa kutengeneza redio, na nikakaa pembeni yake nisiondoke. Kufungua ilikuwa kazi: bisibisi ya skrubu za mashine ile hana. Akachukua kalamu ya Bic, akauchoma mwisho wa plastiki kwa kiberiti, ukalainika, akaubana juu ya skrubu mpaka ukapoa. Kalamu ikawa bisibisi. Skrubu ikazunguka kama iliyokuwa inasubiri. Kuhusu mistari, nilikuwa nimesoma kwamba waya mwembamba ulioshikizwa chini ya kioo hulegea, na ukiupitishia moto kidogo wa kulehemia kwenye ukingo unashika tena. Nikamwelekeza kwa heshima. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, moto kwenye kioo?" Kisha akajaribu. Mstari mmoja ukajaa. Wa pili. Akaanza kupitisha huku anacheka peke yake, kila mstari ukirudi anasema "Njoo!" kama anaita kuku.

Wapiganaji tisa.

Gemu ni mbovu? Ni nzito, watu wanasogea kama wako majini. Lakini nilipoicheza kwa utulivu nikaona kitu ambacho tukiwa na hasira hatukukiona. Vitufe ni viwili badala ya sita, kwa hiyo waliamua hivi: ukigusa haraka ni pigo jepesi, ukishikilia kidogo ni zito. Mtu alikaa akafikiria hilo. Chini, mshazari, mbele, ngumi, na Ryu anarusha moto wake, kwenye kioo cha rangi nne. Waliowaacha nje waliwaacha ili hawa tisa wapate pa kusimama.

Nikampigia kaka. Siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi na mwili wake umemfikia kabisa yule Honda wake. Jumapili tukaenda Chanika kwa mama, tukala, kisha nikaitoa. Kaka akafuta mikono. Akawasha, akasubiri ting, akapeleka mshale upande mmoja na kuurudisha, na kidole kile kile kikaanza kutembea juu ya kioo. Sikumwambia kitu. Alipofika mwisho akanyamaza.

"Kwa hiyo..." akasema.

"Orijino," nikamwambia. "Hao wengine hawamo tu."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akainua uso. Nikamweleza yote, 1995, chipu, tisa, kwamba kijana yule hakutudanganya. Nilidhani amesahau.

"Yule wa kofia nyekundu," akasema. Akachambua kidogo. "Hakunijibu vibaya, kweli. Watu walimcheka na hakunijibu vibaya." Akatoa jiwe, akalitupa uani. "Lakini elfu yangu moja alibaki nayo. Kama kitu kilikuwa kizima na mlikirudisha kizima, ile elfu ilikuwa ya nini?"

Nikamtazama kaka. Kaka alikuwa ameinamia kioo, amemchagua Zangief, na alikuwa anapigwa vibaya sana na Chun-Li bila kubonyeza kitufe chochote.